Kubadilisha Dirisha: Hewa Iingie, Mbu Abaki Nje

Ukiwa na kalamu na karatasi karibu, viweke tayari, kwa maana leo kuna vipimo vichache ambavyo ni vyema uviandike.

Mada yetu ya leo ni dirisha. Huenda ukauliza, "Dirisha na afya vina uhusiano gani? Hiyo si kazi ya fundi?" Ni kweli, fundi ndiye atakayelitengeneza na kulipachika. Lakini fundi akishalipwa huenda zake. Anayebaki kulala katika chumba hicho kila usiku ni wewe na mtoto wako.

Familia nyingi hufika wakati wa kubadilisha madirisha. Mbao zimeoza, fremu za chuma zimeshika kutu na hazifunguki tena, au vioo vya luva vimevunjika na kubaki vitatu tu. Mtu akienda kwa fundi, swali la kwanza huwa ni bei, na la pili huwa ni lipi linapendeza. Hayo si maswali mabaya. Lakini leo tunakuomba utangulize mengine matatu:

1. Dirisha hili likifunguliwa, hewa itapita ya kutosha?
2. Mbu ataweza kuingia?
3. Mtoto atakuwa salama?

Dirisha linalojibu vizuri maswali haya matatu ndilo litakalokufaa, liwe la bei ya chini au ya juu.

KWA NINI HEWA NI DAWA

Chumba kisichopitisha hewa hukusanya vitu viwili vibaya. Cha kwanza ni moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2020 hewa chafu ya ndani ya nyumba, hasa kutokana na kupikia kuni, makaa na mafuta taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Kati ya hivyo, zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Moshi huchubua mapafu ya mtoto, na viini vya nimonia hupata pa kuingilia.

Kitu cha pili ni viini vyenyewe. Mtu mwenye kifua kikuu akikohoa, viini hubaki vikielea hewani. Katika chumba kilichofungwa, watu wengine wataendelea kuvivuta. Hewa safi ikiingia, viini hupungua na kutolewa nje.

Jambo hili limepimwa. Huko Lima, nchini Peru, wataalamu walichunguza wodi za hospitali na kuchapisha matokeo mwaka wa 2007. Waligundua kwamba madirisha na milango ikifunguliwa, hewa ya chumba ilibadilika takriban mara 28 kwa saa. Vyumba maalum vyenye mashine za kubadilisha hewa vilikuwa na kiwango cha mara 12 tu. Tena, wodi za zamani zenye dari ya juu na madirisha makubwa zilishinda zile za kisasa. Kwa hiyo mama, usidhani kwamba ni lazima uwe na mashine ya gharama kubwa. Dirisha kubwa linalofunguka linafanya kazi nzuri.

"LAKINI BARIDI ITAMLETEA MTOTO NIMONIA"

Hili ndilo jibu ambalo akina mama wengi hutupa, hasa wale wa Limuru, Nyahururu na Molo, mwezi wa Julai unapofika. Dirisha hufungwa, matundu ya hewa ya juu huzibwa kwa magazeti au matambara, na mlango huwekewa gunia chini.

Mama, tunaelewa hofu yako. Mtoto mchanga anahitaji joto, na hilo ni kweli kabisa. Lakini nimonia huletwa na viini, na viini hupenda chumba chenye watu wengi kisicho na hewa. Mfunike mtoto, mvalishe kofia na soksi, mweke karibu na mwili wako. Kitanda chake kisiwe chini ya dirisha ambapo upepo unampiga moja kwa moja. Kisha acha hewa ipite. Mchana fungua dirisha lote. Usiku acha sehemu ndogo ya juu wazi. Mtoto aliyefunikwa vizuri katika chumba chenye hewa yuko salama kuliko yule aliyefungiwa pamoja na kikohozi cha watu wanne.

AINA ZA MADIRISHA

Sasa tuangalie madirisha yanayopatikana kwa mafundi wetu, na uzuri na ubaya wa kila moja.

Dirisha la mbao lisilo na kioo. Hili ni la bei nafuu, na fundi wa kijijini anaweza kulitengeneza. Likifunguliwa, hupitisha hewa nyingi. Shida yake ni kwamba likifungwa usiku, hewa hukatika na mwanga hukatika. Ukichagua hili, mwambie fundi aache tundu la hewa juu yake na kuliwekea wavu wa mbu.

Dirisha la chuma lenye bawaba. Hili hufunguka nje kama mlango, kwa hiyo karibu nafasi yote hupitisha hewa. Zuri zaidi ni lile lenye kidirisha kidogo cha juu kinachofunguka peke yake. Usiku unafunga sehemu ya chini kwa sababu ya baridi na wezi, na unaacha kile cha juu wazi. Ubaya wake ni kutu. Lipakwe rangi mara kwa mara, hasa ukiwa Pwani ambako hewa ya chumvi hula chuma haraka. Lisipotunzwa, litakwama, na dirisha lililokwama ni sawa na ukuta.

Dirisha la luva. Vile vipande vya vioo vinavyoinama hupitisha hewa karibu kwa nafasi yote, na mvua kidogo haiingii. Linafaa sana sehemu za joto kama Mombasa, Kilifi na Kisumu. Lakini halifungi vizuri. Kwenye baridi litasumbua, vumbi litaingia, na mwizi anaweza kuchomoa vioo kimoja kimoja. Lazima liwe na grili. Ukiwa na luva tayari na vioo vichache vimevunjika, huna haja ya kung'oa dirisha zima. Nunua vioo vilivyokosekana.

Dirisha la aluminiamu la kuteleza. Siku hizi hili linapendwa sana. Halishiki kutu, ni rahisi kusafisha, na halichukui nafasi ndani wala nje. Lakini sikiliza jambo hili vizuri: kioo kimoja huteleza nyuma ya kingine, kwa hiyo dirisha la vioo viwili hufunguka nusu tu. Nusu nyingine hubaki imezibwa daima. Tena, mchanga ukijaa katika reli yake ya chini, huanza kukwama na maji ya mvua hutuama. Ukilichagua, lifanywe kubwa zaidi, na reli isafishwe kila wiki.

Dirisha lisilofunguka. Hiki ni kioo kilichobandikwa tu. Hupendeza sebuleni na huleta mwanga, lakini halileti hewa hata kidogo. Katika chumba cha kulala au jikoni, lisiwe dirisha la pekee. Na vioo vyeusi, ambavyo watu huvipenda kwa ajili ya faragha, hupunguza mwanga. Pazia jepesi linatosha.

KIPIMO CHA KUKUMBUKA

Sasa chukua kalamu. Kipimo kizuri cha chumba cha kulala ni hiki: eneo la dirisha lisipungue moja ya kumi ya eneo la sakafu, na angalau nusu ya dirisha hilo liweze kufunguka.

Tuchukue mfano. Chumba chako kina urefu wa mita 3 na upana wa mita 3. Sakafu ni mita 9 za mraba. Moja ya kumi yake ni mita 0.9 za mraba. Hilo ni dirisha la upana wa sentimita 90 na urefu wa mita moja.

Dirisha hilo likiwa la bawaba au luva, hufunguka karibu lote. Likiwa la kuteleza, hufunguka nusu, yaani mita 0.45 za mraba. Hapo limefika tu kwenye mpaka wa kipimo, na ukiongeza wavu wa mbu na pazia, hewa inapungua zaidi. Kwa hiyo, mwenye kutaka la kuteleza na alifanye la sentimita 120 kwa 120. Hapo atapata mita 0.72 za mraba zilizo wazi.

Na lile dirisha dogo la sentimita 30 kwa 30 ambalo bado lipo katika nyumba nyingi za mashambani? Hilo ni mita 0.09 za mraba, yaani sehemu moja tu ya kumi ya linalotakiwa. Kama una pesa za kubadilisha dirisha moja tu, anza na hilo, hasa likiwa la chumba cha watoto au la jikoni.

Hewa pia huhitaji pa kuingilia na pa kutokea. Dirisha moja likitazamana na jingine, au na mlango, chumba hupata hewa vizuri zaidi kuliko madirisha mawili yaliyo upande mmoja.

SASA TUSEME JUU YA MBU

Huenda umeshaanza kujiuliza: "Nikifungua dirisha kubwa usiku, si nimewakaribisha mbu?" Ni swali la maana sana, hasa kwa mama anayeishi karibu na Ziwa Victoria au Pwani. Jibu ni wavu.

Mbu wa malaria huuma sana usiku. Wale wa dengi na chikungunya huuma mchana, na wakazi wa Mombasa wanawajua, maana mji huo ulipata mlipuko wa dengi mwaka wa 2013, kisha chikungunya kuanzia mwishoni mwa 2017. Neti ya kitandani haimsaidii mtoto anayecheza sebuleni saa nane mchana. Wavu wa dirishani humsaidia.

Wakati wa kubadilisha dirisha ndio wakati wa kuweka wavu, kwa sababu fundi yupo na fremu iko wazi. Mwambie hivi:

Matundu ya wavu yafanane na ya neti ya kitandani au yawe madogo zaidi. Wavu wa kuku haufai, mbu hupita akiruka. Dirisha likifunguka nje, wavu uwekwe ndani, juu ya fremu yake yenye bawaba, ili uweze kufikia kitasa. Dirisha likiwa la luva, wavu uwekwe nje, mbali kidogo na vioo ili visiugonge vinapoinama. Dirisha la kuteleza liwe na reli ya tatu kwa ajili ya wavu. Kisha wavu usuguliwe na kuoshwa kila mwezi, kwa maana ukijaa vumbi huzuia hewa.

Na hapa tunakuomba usikilize kwa makini. Mbu wa malaria hupenda kuingia kupitia ule upenyo ulio kati ya ukuta na paa. Ukiweka madirisha mapya yenye nyavu na kuacha upenyo huo wazi, umefunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma. Nchini Gambia, katika eneo la Farafenni, nyumba ziliwekewa nyavu milangoni na madirishani na kuzibwa upenyo wa paa. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2009. Mbu wa malaria walioingia katika nyumba hizo hawakufika nusu ya walioingia katika nyumba za kawaida, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache zaidi.

Lakini kama unapikia kuni ndani ya nyumba hiyo, usizibe upenyo huo kwa udongo, kwa sababu moshi hutokea hapo. Uweke wavu. Na hata baada ya kuweka nyavu zote, watoto waendelee kulala ndani ya neti yenye dawa. Wavu hutoboka, na mlango huachwa wazi.

USALAMA WA MTOTO

Mtoto anayetambaa leo, kesho atapanda kochi, na keshokutwa atakuwa juu ya kizingiti cha dirisha. Ukiwa unaishi ghorofani, hili ni jambo la uhai.

Kwanza, wavu wa mbu haumzuii mtoto. Akiuegemea, utang'oka naye. Kinachomzuia ni grili imara, na nafasi kati ya chuma na chuma isizidi sentimita 10, ili kichwa chake kisipite. Grili yenye vyuma vya kulala humpa mtoto ngazi ya kupandia. Ya vyuma vilivyosimama ni bora.

Pili, grili isiyofunguka inaweza kuwa mtego moto unapotokea. Katika kila nyumba, na hasa katika chumba cha kulala, dirisha moja liwe na grili ya bawaba yenye kufuli. Ufunguo ukae mahali ambapo kila mtu mzima anapajua hata gizani, lakini mtoto hafiki.

Tatu, kitanda, kochi na stuli visikae chini ya dirisha.

SIKU YA KAZI

Fundi anapong'oa fremu za zamani, mama mjamzito na watoto wasiwe katika chumba hicho. Rangi ya mafuta ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto, hata yakiwa kidogo. Fundi asisugue rangi hiyo ikiwa kavu, ailoweshe maji kwanza. Kazi ikiisha, sakafu isifagiliwe kavu. Ipigwe deki kwa maji na sabuni, na maganda ya rangi na vipande vya vioo vifungwe na kutupwa mbali na pale watoto na kuku wanapochezea. Midoli ioshwe kabla ya mtoto kuirudia.

KAMA UMEPANGA NYUMBA

Mama mwingine atasema, "Mimi naishi chumba kimoja cha kupanga, dirisha si langu." Usikate tamaa. Ondoa magazeti katika matundu ya hewa na uweke wavu mahali pake. Tengeneza fremu nyepesi ya mbao, ibandike wavu, na uipachike dirishani kwa misumari midogo baada ya kuzungumza na mwenye nyumba. Dirisha lililokwama, tia mafuta kwenye bawaba. Sogeza kabati au jokofu lililoziba dirisha. Kazi hizi zina gharama ndogo, na faida yake utaiona.

JAMBO AMBALO DIRISHA HALIWEZI

Hakuna dirisha, hata liwe zuri namna gani, litakalokulinda ukilala na jiko la makaa ndani ya chumba. Makaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu na usingizi mzito, na anaweza asiamke. Usiseme, "Nimeacha dirisha wazi kidogo." Jiko litoke nje kabla ya kulala. Kama ni baridi, ongeza blanketi.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Mpeleke kwenye kituo cha afya upesi ikiwa anapumua:

- mara 60 au zaidi, akiwa chini ya miezi 2;
- mara 50 au zaidi, akiwa na miezi 2 hadi 11;
- mara 40 au zaidi, akiwa na mwaka 1 hadi 5.

Mpeleke upesi pia ikiwa kifua kinaingia ndani anapovuta pumzi, au anashindwa kunyonya, au ana joto jingi mwilini. Na mtu yeyote nyumbani aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu. Matibabu yake katika vituo vya serikali ni bure.

KUMBUKA HAYA

- Dirisha lisilofunguliwa ni sawa na ukuta.
- Dirisha la kuteleza hufunguka nusu, kwa hiyo lifanye kubwa.
- Eneo la dirisha lifike angalau moja ya kumi ya sakafu.
- Weka wavu siku ile ile dirisha linapowekwa, na usisahau upenyo wa paa.
- Grili ni ya kumlinda mtoto, na moja lazima ifunguke.
- Mfunike mtoto, usilizibe dirisha.

Mama, kabla ya kulala leo, simama katikati ya chumba cha watoto na uangalie. Hewa inaingilia wapi, na inatokea wapi? Ukikosa jibu, basi umeshajua pa kuanzia kesho asubuhi.

Mwenye swali amwendee muuguzi katika kliniki iliyo karibu naye, au mhudumu wa afya ya jamii anayewatembelea. Hadi mazungumzo yetu mengine, tunawatakia ninyi na watoto wenu usingizi mwema na afya njema.